Nasaba Iliyofichwa Puani

Samoni anayenaswa kwa mshipi katika maji baridi ya kusini mashariki ya Alaska hana dalili yoyote usoni pake ya kumwarifu mvuvi kama alizaliwa katika mto ulio nyuma ya mlima ule unaoonekana, au katika Mto Columbia ulio zaidi ya kilomita 1,000 upande wa kusini, au katika kijito cha Kisiwa cha Vancouver kilicho chini ya bendera ya dola nyingine kabisa. Magamba yake yana rangi ya fedha kama ya wenziwe, mgongo wake una madoa meusi kama ya wenziwe, na bahari, ambayo haijapata kumdai msafiri hati ya kusafiria, imewachanganya wote katika kundi moja, wakila chakula kimoja na kuwakimbia maadui wale wale. Kwa muda mrefu jambo hilo halikumsumbua mtu, maana ada ya bahari popote ni kwamba samaki ni wa yule aliyemtoa majini. Walakini katika nusu ya pili ya karne iliyopita watu wa pwani ile walianza kuulizana juu ya samaki swali ambalo kwetu aghalabu huulizwa juu ya wachumba na wageni, yaani: huyu ni wa nani, na ametoka wapi? Swali likawa zito kwa sababu jibu lake lilikuwa na fedha ndani yake, na haki za watu ndani yake, na kwa miaka kadhaa lilikuwa na uhasama wa serikali mbili ndani yake.

Yapasa kwanza nimweleze samaki mwenyewe kwa msomaji ambaye hakupata kumwona ila mkebeni. Samoni ni wa ukoo mmoja na trauti, yule ambaye wakoloni wa Kiingereza walimpandikiza katika mito ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare. Huanguliwa katika changarawe ya mto wenye maji matamu, huteremka baharini angali na urefu wa kidole, hukaa huko miaka miwili, mitatu au minne akinenepa, kisha akipevuka huurudia mto aliotoka, akapanda mikondo na maporomoko bila kuonja chakula, akataga, na samoni wa Bahari ya Pasifiki akishataga hufa. Aliye mkubwa kuliko wote ni yule aitwaye Chinook, na huyo ndiye nitakayemzungumza zaidi. Mito yake ilipoanza kuharibiwa kwa uchimbaji wa dhahabu na ukataji wa magogo, na baadaye kuzibwa kwa mabwawa makubwa ya umeme, ambayo mojawapo, Grand Coulee lililokamilika mwaka 1942, halikuachiwa hata mwanya wa samaki kupita, wenye mamlaka waliona ni rahisi zaidi kumzalisha samaki kwa mikono ya watu kuliko kumrudishia mto wake. Ufundi huo haukuwa mpya: tangu mwaka 1872 Livingston Stone alikuwa amekwisha kujenga kituo cha kuangulia samoni kando ya Mto McCloud huko California. Majike hukamuliwa mayai ndooni, madume hukamuliwa manii juu yake, mayai hupangwa katika trei zinazopitiwa na maji safi daima, na vifaranga hulishwa katika matangi ya saruji mpaka siku ya kufunguliwa lango. Hufunguliwa mamilioni kwa mamilioni kila mwaka, nao huondoka kwa pamoja usiku na mchana wakielekea bahari, na tangu saa hiyo aliyewalea hana tena pa kuwatazamia.

Hamu ya kujua walikokwenda ni kongwe kuliko vituo vyenyewe. Izaak Walton, Mwingereza aliyeandika kitabu cha uvuvi wa mshipi ambacho kilitoka mara ya kwanza mwaka 1653, amesimulia habari za watu waliowafunga utepe mkiani samoni wachanga walipokuwa wakishuka baharini, wakawanasa tena baadhi yao mahali pale pale waliporejea. Karne mbili na nusu baadaye, katika Mto Columbia, Willis Rich na wenzake waliwakata vifaranga mapezi kwa mpangilio maalumu tangu mwaka 1916, pezi hili kwa kituo hiki na pezi lile kwa kituo kile, na kwa njia hiyo wakathibitisha kwamba samaki huurudia mto wake. Lakini samaki ana mapezi machache, na anayahitaji yote; hivyo alama za namna ile zilikuwa chache kuliko maswali yaliyoulizwa, na kila alama ilikuwa pia jeraha. Vibati na visahani vilivyoning’inizwa mgongoni havikumfaa kifaranga wa urefu wa kidole, kwa kuwa vilimlemea katika kuogelea na kumtangaza kwa kila ndege mwenye njaa.

Ufumbuzi ulikuja kutoka kwa mtu ambaye kazi yake haikuwa uvuvi. Keith Jefferts alikuwa mwanafizikia, na kwa jina hilo hilo anatajwa katika historia ya elimu ya nyota, kwa kuwa mwaka 1970 yeye pamoja na Robert Wilson na Arno Penzias waligundua gesi ya monoksidi ya kaboni katika wingu la Orion, mbali kiasi ambacho akili hukataa kukipima. Kabla ya hapo, mwaka 1963, yeye na Peter Bergman na mwenzao wa tatu walikuwa wamechapisha katika jarida la Nature makala fupi kuhusu kipande cha waya chenye alama, cha kutiwa ndani ya mwili wa kiumbe. Napenda kumfikiri mtu huyu ambaye kwa jicho moja alitafuta habari iliyofichwa angani na kwa jicho la pili akaificha habari nyingine puani mwa samaki. Na mtu akiniuliza ni lipi kati ya hayo mawili lililowafaa watu wengi zaidi, sitasita kutaja la puani.

Waya wenyewe ni wa chuma kisichoshika kutu, urefu wake milimita 1.1 na unene wake robo ya milimita, mfupi kuliko punje ya mchele. Hapo mwanzo ulipakwa mistari ya rangi, baadaye ukachongwa pengo pengo, na siku hizi huandikwa tarakimu zinazosomeka kwa hadubini tu, ambazo mbili za mwanzo hutaja mamlaka iliyomfungua samaki: 63 ni jimbo la Washington, 09 ni Oregon, 18 ni Kanada. Kifaranga hutiwa kwanza katika maji yenye dawa ya usingizi, pua yake ikaingizwa katika kikalibu kilichochongwa kwa kipimo chake, na sindano ikasukuma waya ndani ya gegedu, mahali pasipo na mshipa mkubwa wala maumivu ya kudumu. Kisha waya hupewa sumaku ili siku moja chombo cha kupimia kiweze kuusikia. Mwisho hukatwa pezi dogo laini lililo mgongoni karibu na mkia, ambalo miongoni mwa mapezi yote ndilo linaloonekana kuwa na kazi ndogo kuliko mengine, ili atakayemvua ajue kwa kutazama tu kwamba kichwa hiki kina jambo. Wala tarakimu zile si jina la samaki mmoja. Ni za kundi zima la maelfu waliolelewa pamoja katika kituo kimoja na kufunguliwa katika msimu mmoja, kwa hiyo zinataja ukoo na zinamnyamazia mtu binafsi. Zaidi ya samaki milioni 50 hutiwa waya namna hii kila mwaka katika pwani ya Pasifiki ya Marekani na Kanada, na wengi mno kati yao huliwa na bahari bila mtu yeyote kusoma walichobeba.

Hapa ndipo penye shina la jambo lote, na ndipo nitakapokaa. Wanavyuoni wetu wa hadithi walituachia kanuni kwamba habari haiaminiwi kwa uzuri wa maneno yake bali kwa isnadi yake, yaani mnyororo wa watu walioipokezana mmoja baada ya mmoja, na kwamba pete moja ikikatika, au mmoja wa wasimulizi akijulikana kuwa mwongo au msahaulifu, habari yote hudhoofika hata ingawa wengine wote ni waaminifu. Sijaona mfano unaoueleza waya wa samoni vizuri zaidi. Pete ya kwanza ni karani wa kituo, anayeandika daftarini kwamba siku fulani walifunguliwa samaki kadhaa wenye tarakimu kadhaa. Akikosea, waya wote wa kundi lile umekuwa bubu. Pete ya pili ni yule anayemtoa samaki majini. Ya tatu ni wale wanaokusanya vichwa na kuvisafirisha, ya nne ni mtaalamu wa maabara anayekipasua kichwa vipande viwili, akakipima kila kipande kwa chombo kinachosikia sumaku, akakitupa kilicho kimya na kukipasua tena kilicho na sauti, mpaka waya unapobaki peke yake chini ya hadubini. Na ya mwisho ni daftari kuu lililo Portland, Oregon, ambako tarakimu zilizosomwa hukutanishwa na zilizoandikwa, na samaki aliyekuwa hana kwao akapata kwao.

Katika pete hizo zote, wanaolipwa mshahara ni wengi, na asiyelipwa ni mmoja. Samaki wa biashara hupimwa bandarini na watumishi wa serikali, ambao lengo lao ni kukagua samaki mmoja katika kila watano wanaopakuliwa, na kwa hesabu hiyo kila waya unaopatikana husimama badala ya mitano. Lakini mtu aliyekwenda kuvua kwa mshipi siku ya mapumziko yake, katika mashua yake, na akarudi gatini pasipo mtumishi yeyote wa serikali, hakuna awezaye kumlazimisha afanye lolote. Huko British Columbia huombwa tu: ukimpata Chinook, au samoni wa aina ya coho, asiye na pezi lile, kata kichwa, kifungie karatasi yenye tarehe na mahali, ukakiache katika duka au bandari iliyopangiwa kupokea vichwa. Serikali ya Kanada inajua kwamba si wote wanaofanya hivyo, na hukadiria ni sehemu gani ya vichwa vinavyostahili huletwa, kisha huingiza makadirio hayo katika hesabu zake. Yaani uzembe wa watu nao umepewa tarakimu yake na kutiwa mizanini. Nalo si jambo dogo kumwomba mvuvi aandike mahali alipovulia, maana mvuvi wa mshipi, wa dini yoyote na taifa lolote, husema kweli juu ya kila kitu isipokuwa mahali alipovulia.

Ujira wake ni barua. Baada ya muda huletewa habari za samaki wake: kituo alichoanguliwa, mwaka aliofunguliwa, umri aliokuwa nao. Wako wanaoona kwamba zawadi ya fedha ingeleta vichwa vingi zaidi, na huenda ingevileta. Lakini mimi nadhani waliochagua barua walikuwa na busara, kwa sababu fedha ingemfundisha mtu kuleta kichwa cha popote na kukiandikia mahali popote, ilhali mwenye hamu ya kujua samaki wake alitoka wapi hana faida ya kudanganya juu ya mahali alipompata. Udadisi ni shahidi mnyofu kuliko tamaa, na isnadi hii imesimama juu ya udadisi wa watu wasiojuana.

Habari zilizopatikana kwa njia hii zilivuruga kwanza, kisha zikapatanisha. Ilidhihirika kwamba Chinook wa kituo cha Robertson Creek, karibu na Port Alberni katika Kisiwa cha Vancouver, huelekea kaskazini wakavuliwa kwa wingi na Wamarekani wa Alaska. Na kwamba wale wa Spring Creek, kituo cha Kimarekani kilicho kwenye kingo za Columbia, hupita mbele ya nyavu na ndoana za Wakanada magharibi ya kisiwa kile kile. Kila upande ulikuwa ukilisha upande wa pili, na kila upande ulikuwa ukilalamika kwamba unaibiwa, na wote wawili walikuwa na haki. Mkataba wa Samoni wa Pasifiki uliotiwa saini mwaka 1985 baina ya Marekani na Kanada ulijengwa juu ya ujuzi huo, na nchi zote mbili ziliahidi kuudumisha utaratibu wa waya, kwa sababu bila ya huo hakuna upande ambao ungeweza kuamini hesabu za mwenzake.

Ndani ya Marekani yenyewe swali la asili lilikuwa limekwisha kufikishwa mahakamani. Makabila ya wenyeji wa jimbo la Washington yalikuwa yametia saini mikataba katika miaka ya 1854 na 1855, yakatoa nchi na kujibakizia haki ya kuvua mahali pao pa asili. Na baada ya zaidi ya miaka mia ya haki hiyo kupuuzwa, na wavuvi wao kukamatwa na kupigwa, Jaji George Boldt aliamua tarehe 12 Februari 1974 kwamba wanastahili nusu ya samaki wanaoweza kuvuliwa. Nusu ni neno jepesi kulitamka. Lakini nusu ya samaki gani, wa mto upi, ilhali wengi wao hunaswa baharini mbali kabla ya kufika mtoni mwa wenye haki? Hukumu ile ya haki ilihitaji ushahidi wa nasaba, na sehemu kubwa ya ushahidi huo ilitolewa vipande vipande kutoka katika pua za samaki.

Hata hivyo kuna jambo katika utaratibu huu linalonikera kila nikilifikiri, na nalisema kwa tahadhari kwa kuwa simfananishi binadamu na samaki. Katika miji yetu ya pwani, Lamu na Pate na Mombasa na Unguja, nasaba iliyohifadhiwa ilikuwa fahari ya waungwana, ambao waliweza kuwataja baba zao mmoja baada ya mmoja mpaka ng’ambo ya bahari, ilhali aliyeletwa kwa nguvu kutoka bara alipokonywa hata jina la babaye, akapewa jina jipya la siku ya juma au la kumbariki bwana wake. Aliye huru alikuwa na silsila, na aliyemilikiwa hakuwa nayo. Katika mito ya Pasifiki mambo yamepinduka: samaki aliyezaliwa huru katika changarawe ya mto hana karatasi yoyote, na hakuna ajuaye habari zake ila kwa kukisia, ilhali aliyekamuliwa ndooni na kulishwa kwa mkono ana daftari, ana tarakimu, ana mwaka na kituo na mwangalizi. Tena nasaba yake iliyoandikwa haimkingi na chochote. Tangu miaka ya 1990 vituo vilianza kuwakata samoni wao pezi kwa wingi, wenye waya na wasio na waya pamoja, na katika maeneo mengi ya Washington na Oregon sheria ikawekwa kwamba mvuvi aruhusiwe kumchukua asiye na pezi tu, na mwenye pezi kamili arudishwe majini salama, kwa sababu huyo ni wa porini na wenziwe wamebaki wachache. Hivyo kutojulikana kumekuwa ngao, na kujulikana kumekuwa kibali cha kuingia chunguni. Sheria hiyo naiona ni nzuri, wala sitaki ibadilishwe. Lakini imeleta tatizo kwa isnadi, kwa maana pezi lililokatwa halimaanishi tena kwamba ndani ya pua mna waya, na vichwa vingi hupelekwa maabara vikiwa vitupu, au hulazimu wakaguzi wapitishe fimbo ya kupimia sumaku juu ya kila samaki.

Zaidi ya hayo, tunayoyasema juu ya samaki wa porini aghalabu tunayasema kwa kiyasi, yaani kwa kulinganisha. Kituo fulani huteuliwa kuwa kielelezo cha mto ulio jirani, na inadhaniwa kwamba samaki wa porini wa mto ule huenda wanakokwenda ndugu zao waliolelewa, huvuliwa wanakovuliwa, na hufa kwa kadiri wanavyokufa. Kiyasi ni njia halali ya kutoa hukumu pale pasipokuwa na matini, na wataalamu wale hawakukitumia kwa uzembe. Lakini mwenye kukitumia asisahau kwamba shahidi wake ni mtu mwingine, aliyelelewa nyumba nyingine.

Tofauti hiyo ya malezi hudhihirika vibaya katika mwaka wa ukame. Katika mwaka 2014 na 2015, mito ya California ilipopungua na kupata joto, vifaranga wa kituo cha Coleman, ambacho kipo tangu 1942 kando ya kijito cha Battle Creek, walipakiwa katika malori yenye matangi, wakasafirishwa kwa barabara hadi karibu na ghuba ya San Francisco, wakamwagwa huko ili wasife njiani. Walinusurika wengi, lakini walipopevuka na kutaka kurejea, wengi wao hawakuijua njia, wakatawanyika katika mito mingine ya bonde lile, na waya zilizotolewa katika vichwa vyao huko ugenini ndizo zilizotoa habari. Sababu ilikuwa imekwisha kuelezwa na Arthur Hasler wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, ambaye siku moja alipokuwa akipanda milima ya Utah karibu na maporomoko ya utoto wake alisikia harufu ya mimea, na mara akarudishiwa kumbukumbu alizodhani zimepotea. Akajiuliza kama samaki naye hapati njia yake kwa pua. Yeye na wanafunzi wake walithibitisha hivyo katika miaka ya 1970, walipowalea samoni aina ya coho katika maji yaliyotiwa dawa yenye harufu ngeni, kisha wakaitia dawa ile ile katika vijito vya Ziwa Michigan, nao samaki wakapanda vijito hivyo kana kwamba ndiko kwao. Samaki hujifunza harufu za njia wakati anaposhuka. Aliyeshushwa kwa lori hakupata somo hilo, ingawa puani alikuwa na waya unaotaja kwao kwa tarakimu zisizokosea.

Nimetaja Ziwa Michigan, nalo lina kisa chake, kwa sababu samoni huko ni mgeni aliyealikwa. Trauti wa asili wa Maziwa Makuu ya Marekani walikuwa wameangamizwa na uvuvi na samaki mnyonya damu aliyeingia kutoka baharini, na samaki mdogo aitwaye alewife, asiye na wa kumla, akajaa mpaka akawa anaoza ufukweni kwa malundo. Howard Tanner wa jimbo la Michigan aliagiza mayai ya coho kutoka Oregon, na mwaka 1966 akawafungua vifaranga wa kwanza. Chinook wakafuata mwaka 1967. Watu walisherehekea, maduka ya mishipi yakafunguliwa, na kwa miaka mingi ikaaminiwa kwamba wengi wa samaki wale wanatoka kwenye matangi ya serikali. Takriban mwaka 2010 ukaanza utaratibu wa kuwatia waya na kuwakata pezi Chinook wote wanaofunguliwa katika Michigan na Huron, kwa mitambo iliyowekwa ndani ya magari ya tela, inayopima kila kifaranga na kumtia waya bila mkono wa mtu kumgusa. Wakaguzi wakapita bandarini na katika mashindano ya uvuvi wakikusanya vichwa. Lililobainika ni kwamba zaidi ya nusu ya Chinook waliovuliwa katika Ziwa Michigan hawakuwa na waya kabisa: wamezaliwa wenyewe mitoni, vizazi kadhaa baada ya babu zao kuletwa wakiwa mayai. Ikabainika pia kwamba wengi waliofunguliwa Huron huhamia Michigan kutafuta chakula, kwa kuwa alewife wa Huron walitoweka takriban mwaka 2003 na 2004. Habari kubwa kuliko zote ilitolewa na wale wasiobeba habari yoyote. Mwaka 2013, kwa kuogopa kwamba walaji wamezidi na chakula kitakwisha kama kilivyokwisha Huron, idadi ya vifaranga wa Chinook waliotiwa Ziwa Michigan ilipunguzwa kwa takriban nusu, na maofisa walikuwa na hoja ambayo mvuvi aliweza kuikagua, kwa sababu vichwa vilikuwa ni vyake.

Zipo njia nyingine za kumtambua samaki. Vituo vya Alaska huwatia alama samoni wachanga wangali mayaini, kwa kuyabadilisha maji joto na baridi kwa zamu, na kila badiliko huacha mstari katika kijiwe kidogo kilicho sikioni, usiofutika mpaka kufa. Katika bonde la Mto Snake, tangu takriban mwaka 2008, kila samaki mzazi wa kituo huchukuliwa kipande cha pezi na vinasaba vyake vikahifadhiwa, hata mtoto wake akivuliwa popote atambulikane kwa wazazi wake wawili. Njia hiyo ina raha yake, kwa kuwa haimlazimu samaki afe ili aeleze kwao. Bahari yetu sisi haikukosa mfano wake pia: katika miaka ya 2005 hadi 2007, chini ya Kamisheni ya Jodari ya Bahari ya Hindi, zaidi ya jodari 160,000 walitiwa alama za plastiki mgongoni, wengi wao katika maji ya pwani ya Tanzania, na sehemu kubwa ya walioonekana tena walionekana mikononi mwa wapakuaji wa meli huko Victoria, Shelisheli, ambao walipewa zawadi kwa kila alama. Alama ile ilikuwa ya kuonekana, na mpakuaji hakulazimika kuamini kitu asichokiona. Mvuvi wa samoni hulazimika.

Mwaka 2005 jopo la wataalamu lililoteuliwa na Tume ya Samoni ya Pasifiki lilipima njia zote zilizokuwapo, likahitimisha kwamba hakuna iliyokuwa tayari kuchukua nafasi ya waya wa Jefferts katika kuwahesabu Chinook na coho baina ya nchi mbili, hususa kwa sababu unatumika kwa namna moja kutoka Alaska hadi California na daftari lake ni moja. Basi msomaji, ikiwa u miongoni mwa jamaa zetu waliohamia Seattle au Vancouver, na siku ya mapumziko rafiki akakuchukua kuvua, na Mungu akakuruzuku Chinook asiye na pezi dogo la mgongoni, fanya unavyoombwa. Najua kwamba kwetu kichwa ndicho kitoweo, na kwamba mama zetu wangeona ni upuuzi kumpa mtu baki sehemu iliyo tamu kuliko zote ya samaki. Kichwa kile wakabidhi wanaokikusanya, na mahali ulipovulia uandike pa kweli. Kiwiliwili kitakutosha.